Tochi ya lumeni 10,000: namna ya kujua mwanga ambao jicho lako litauona kweli

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo au Luthuli Avenue, utakuta tochi inayoenea kiganjani imeandikwa lumeni 10,000, na pembeni yake nyingine ya umbo lilelile imeandikwa 90,000. Bei zimepishana kidogo tu. Mnunuzi anachukua yenye namba kubwa, anaiwasha usiku sambamba na ile ya zamani, na tofauti aliyoitarajia haioni.

Sababu ziko mbili, na watu wengi huzichanganya. Moja ni uongo wa boksi. Nyingine ingekuwepo hata kama boksi lingesema kweli tupu: jicho halihesabu mwanga kama kipimo kinavyohesabu. Mwanga ukiongezwa mara kumi, jicho halioni mara kumi. Asiyejua hili hulipia namba ambazo macho yake hayatazifaidi, na mara nyingi humaliza betri bure. Mwongozo huu unakupa hatua za kukagua yote mawili, boksi na jicho, kwa simu yako, ukuta na hesabu ya kuzidisha. Hakuna kifaa cha kununua.

Hatua ya 1: Tenganisha vipimo vitatu

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, uende mbele au pembeni. Kandela ni ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Luksi ni kiasi cha mwanga kinachokifikia kitu chenyewe, iwe ukuta, njia au uso wa mtu. Luksi 1 ni lumeni 1 iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiuacha wazi maji yanamwagika miguuni. Ukiubana mdomo kwa kidole maji yaleyale yanaruka hadi ukutani. Maji hayajaongezeka, yameelekezwa. Ndivyo ilivyo kwa tochi mbili za lumeni 500: moja inamulika chumba kizima kwa upole, nyingine inapiga mwale mwembamba hadi mwisho wa shamba. Jumla ya mwanga ni ileile, kandela ndizo tofauti. Anayetaka kuona mbali na kununua kwa lumeni peke yake anatazama namba isiyo yake.

Umbali nao una kanuni yake: ukiongezeka mara mbili, luksi zinashuka hadi robo. Kwa hiyo tochi ikikumulikia vizuri mita 50 na ukataka ikufikishe mita 100 kwa mwanga uleule, unahitaji kandela mara nne. Muuzaji akikwambia kwamba hii ni kali mara mbili ya ile hivyo inafika mbali mara mbili, hesabu yake haijakaa sawa.

Hatua ya 2: Jua jicho linavyoubana mwanga

Hapa ndipo penye kiini, nami nitakaa kidogo.

Usiku wa nyota bila mwezi, ardhi hupata takriban luksi 0.001. Jua la saa sita mchana hutoa luksi zinazokaribia 100,000. Jicho lilelile moja linafanya kazi kwenye hali zote mbili, ambazo tofauti yake ni kama mara milioni 100. Haliwezi kufanya hivyo bila kuubana mwanga: nyongeza ndogo gizani inaonekana kubwa, nyongeza kubwa kwenye mwanga mkali inaonekana ndogo.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1860 Gustav Fechner wa Leipzig aliandika kwamba hisia haipandi sambamba na kichocheo. Kila ngazi moja ya hisia inadai kichocheo kizidishwe. Waastronomia nao walikwishaliona kwenye nyota. Mwaka 1856 Norman Pogson alipendekeza kanuni ambayo bado inatumika: nyota za daraja la kwanza zinatoa mwanga mara 100 ya zile za daraja la sita, ambazo jicho lisilosaidiwa na darubini huzitambua kwa shida. Yaani yale ambayo jicho liliyapanga kama madaraja matano ya kushuka, kipimo kinayaita mara mia. Katika miaka ya 1950, S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard alipata kanuni iliyo karibu zaidi na matumizi yetu: kwa eneo pana lililomulikwa gizani, ung'avu unaouhisi unafuata kipeuo cha tatu cha mwanga (kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, kwa kuwa 2 mara 2 mara 2 ni 8); kwa nukta ndogo ya mwanga, unafuata kipeuo cha pili (cha 4 ni 2).

Tuziweke kwenye tochi. Mwanga ukizidishwa mara mbili, jicho linahisi nyongeza ya kati ya asilimia 26 na 41. Ukizidishwa mara kumi, linahisi kama mara mbili hadi tatu. Ili tochi ionekane na ung'avu maradufu, mwanga wake lazima uwe mara nne kwa uchache, na ukimulika eneo pana mara nane. Kutoka lumeni 800 kwenda 1,000, ambako matangazo yanakushawishi kuongeza pesa, unahisi tofauti ya asilimia 8 hadi 12. Ukizitumia tochi hizo mbili usiku tofauti, sidhani kama utaweza kusema ipi ni ipi.

Kwa hiyo unapolinganisha tochi, usitoe namba moja kwenye nyingine. Gawanya. Lumeni 1,200 kugawanya kwa 1,000 ni 1.2, na jicho halitajali. Lumeni 1,000 kugawanya kwa 200 ni 5, hapo kuna kitu. Kanuni yangu ni hii: chini ya mara mbili sitoi pesa ya ziada, labda tochi iwe na ubora mwingine kama betri nzuri au kutoingia maji.

Tahadhari moja. Jicho ni hodari sana wa kulinganisha vitu viwili vilivyo bega kwa bega. Doa mbili za mwanga zikigusana ukutani, hata tofauti ndogo utaiona. Ndiyo maana muuzaji akizimulika mbili kwa pamoja, ile ya bei kubwa inaonekana bora waziwazi, na ukifika nyumbani na hiyo moja tofauti haionekani tena.

Hatua ya 3: Pima boksi kwa hesabu ya betri

Kabla ya kuwasha chochote, tazama betri. Mwanga hauzaliwi bila umeme, na betri haiwezi kutoa ilichonacho mara mbili.

Tochi nyingi za kuchaji hutumia betri ya duara inayoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Zilizo bora kabisa zinaishia kati ya mAh 3,500 na 4,000 (mAh, miliampea-saa, ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Ukiona imeandikwa mAh 9,900, ujue hapo hapo kwamba namba hiyo ni ya uongo. Hakuna betri ya ukubwa huo inayobeba kiasi hicho. Dukani kukiwa na mizani ndogo, ipime: ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hivi, na nyepesi sana ina ujazo mdogo ndani.

Sasa hesabu. Betri ya mAh 3,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 11 hivi. Taa ya LED kwenye tochi ya kawaida nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Zidisha: 11 mara 100 ni lumeni-saa 1,100. Hiyo ndiyo akiba yako yote, igawe utakavyo. Lumeni 1,000 kwa saa moja na dakika chache, au lumeni 100 kwa saa 11. Boksi likisema lumeni 10,000 kwa saa kumi kutoka betri hiyo moja, linadai lumeni-saa 100,000, takriban mara 90 ya kilichomo ndani.

Kuna njia fupi zaidi. Lumeni 10,000 zinahitaji kama wati 100. Betri moja ya volti 3.7 ingelazimika kutoa ampea 27, na ingekauka kabla ya dakika saba kutimia. Zaidi ya nusu ya wati hizo ingegeuka joto. Chuma cha kulehemu cha fundi redio ni cha wati 30 hadi 60, na hakuna anayekishika upande wa moto. Tochi ya kiganjani inayodai lumeni 10,000 mfululizo na bado inabaki vuguvugu imekujibu yenyewe.

Tochi za betri tatu ndogo aina ya AAA zina akiba ya wati-saa 4 hivi zikiwa za alkalini. Hiyo ni lumeni-saa 400. Nzuri kwa kazi za nyumbani, lakini "lumeni 2,000" kwenye ganda lake ni mapambo.

Hatua ya 4: Tafuta alama ya FL 1, kisha isome kwa makini

Tangu mwaka 2009 kuna kiwango cha Marekani kinachoitwa ANSI FL 1, ambacho watengenezaji wengi makini duniani hukifuata. Utaona vialama vidogo kwenye boksi: mwanga kwa lumeni, saa za kuwaka, umbali kwa mita, kandela. Boksi lenye vialama hivyo limekubali kupimwa kwa kanuni moja na wenzake, ingawa mwiga bidhaa naye anaweza kuvichapa, kwa hiyo hatua ya 3 bado unaihitaji.

Kanuni yenyewe ina mambo matatu ya kuyajua.

Lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, betri ikiwa mpya. Kitakachotokea dakika ya tano hakimo kwenye namba hiyo. Tochi nyingi kali hujipunguza zenyewe zikipata joto, na boksi halivunji kanuni kwa kunyamaza.

Saa za kuwaka zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. "Saa 20" inaweza kuwa na saa 1 ya mwanga mkali na saa 19 za mwanga hafifu. Na hapa jicho linaingia tena: asilimia 10 ya mwanga, kwa hisia zako, ni kama theluthi hadi nusu ya ung'avu wa mwanzo. Usiseme umeibiwa kabla hujalifikiria hilo. Mwanga uliobaki bado una kazi.

Umbali nao ni ule ambapo mwanga umebaki luksi 0.25, sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu kwenye uwanja wazi. Kwa mbalamwezi unaweza kutembea bila kujikwaa. Lakini kumtambua mtu aliyesimama mita 200 kwa mwanga huo? Haiwezekani. Jicho kwenye mwanga mdogo hivyo halioni vizuri rangi wala mistari midogo. Ichukue namba ya mita, igawe kwa mbili: hapo utapata luksi 1. Igawe kwa nne: luksi 4, na sasa unaweza kusema yule ni mbuzi au mbwa. Tochi ya "mita 200" ni tochi ya mita 50 kwa mlinzi anayetaka kuona sura.

Namba za kandela na mita zinakaguana. Mita ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kandela. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 2,500 ni mita 100. Boksi likisema kandela 2,500 na mita 500, mojawapo si kweli.

Hatua ya 5: Dukani

Usiitazame taa yenyewe. Watu wengi huielekeza tochi usoni, wanaumizwa macho, wanasema hii kali kweli. LED yoyote ukiitazama moja kwa moja itakuumiza, hata ya lumeni 50, kwa sababu chanzo chake ni kidogo na mwanga umejaa mahali pamoja. Zaidi ya kukudanganya, ni hatari kwa macho.

Usiihukumu pia mchana. Duka lenye mwanga wa luksi 300 linaimeza tochi ya kweli. Omba kona yenye giza, au ingiza tochi ndani ya boksi kubwa uchungulie umbo la mwanga: doa la katikati liko wapi, kingo zina pete nyeusi au la, mwanga wa pembeni unaenea kiasi gani. Na uulize kama unaweza kuirudisha. Majibu ya kweli yatapatikana usiku nyumbani.

Hatua ya 6: Pima lumeni kwa dari na simu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaliondoa jicho kwenye kesi.

Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga sehemu ya juu, karibu na kamera ya mbele. Ndicho kinachorekebisha ung'avu wa kioo. Pakua programu yoyote ya bure ya kupima luksi. Kwenye iPhone programu hizo hutumia kamera, zinafaa pia kwa kulinganisha. Usiziamini kwa namba kamili, maana vihisi vya simu hutofautiana. Lakini uwiano kati ya tochi mbili zilizopimwa kwa simu moja, mahali pamoja, unategemeka vya kutosha.

Unahitaji chumba chenye dari nyeupe, usiku, taa zote zimezimwa na mapazia yameshushwa. Kama nyumba haina dari, tandika shuka nyeupe juu, likiwa limenyooka. Weka simu mezani, kioo kikiangalia juu. Simamisha tochi pembeni yake, mdomo ukielekea darini, na hakikisha mwanga wa moja kwa moja haukiangukii kihisi. Mwanga utagonga dari, utatawanyika, na simu itasoma kilichorudi. Kwa kuwa dari inachanganya doa la katikati na mwanga wa pembeni, tochi nyembamba na tochi pana zinapimwa karibu kwa haki.

Washa, hesabu sekunde 30, andika namba. Badilisha tochi bila kuigusa simu wala kuhamia upande mwingine wa chumba. Mwili wako nao hurudisha mwanga, hasa ukivaa nguo nyeupe.

Tuseme tochi yako ya zamani, ya mtengenezaji unayemwamini, ni ya lumeni 300 na imesoma luksi 12. Mpya inayodai lumeni 3,000 imesoma 24. Basi mpya ina mwanga mara mbili, yaani lumeni 600 hivi. Hapo unaelewa kwa nini ulipoiwasha ulihisi imezidi kidogo tu: mara mbili kwa kipimo ni robo au theluthi na ushee kwa jicho.

Usipopata programu inayofaa, tumia kamera. Ingia hali ya kujipangia mwenyewe, ile inayokuruhusu kuchagua ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi (muda ambao kamera inapokea mwanga). Weka ISO isibadilike. Piga picha ya chumba kimemulikwa na tochi ya kwanza kwa kasi ya 1/30. Kwa tochi ya pili, badilisha kasi mpaka picha ifanane na ya kwanza. Ikifanana kwenye 1/60, tochi ya pili ni mara mbili. 1/120, mara nne. Kamera haizoei giza kama wewe, na hiyo ndiyo faida yake. Kwa hiyo picha za matangazo zinazoonyesha usiku umekuwa mchana zichukulie kwa uangalifu: kasi ya kamera ikiachwa sekunde kadhaa, hata mshumaa unaweza kung'arisha shamba.

Hatua ya 7: Pima kandela ukutani

Simama mita 5 kutoka ukutani. Weka simu ukutani, kihisi kikikuangalia, na umulike ili katikati ya doa iangukie kihisi. Soma luksi, zidisha kwa umbali mara umbali, yaani 25. Ukipata luksi 400, una kandela 10,000 na, kwa kanuni ya hatua ya 4, umbali wa boksi wa mita 200. Mwenye tochi ya kuvuta mdomo ipime ikiwa imebanwa, kisha ikiwa imefunguliwa. Simu nyingine hugota kwenye namba fulani na kukataa kupanda. Rudi nyuma hadi mita 10, uzidishe kwa 100.

Hatua ya 8: Rudia kipimo baada ya dakika 3, 10 na 30

Jicho lina udhaifu mkubwa hapa. Mwanga ukishuka taratibu, halioni. Tochi isiyo na saketi ya kusawazisha umeme hushuka tangu dakika ya kwanza, kadiri volti za betri zinavyopungua, na wewe unazoea kadiri inavyoshuka. Mwanga ukiwa umebaki nusu, hata mwangalizi makini atahisi upungufu wa asilimia 20 hadi 30 tu, tena akiwa na cha kulinganisha. Mtu anayetembea nayo hatahisi chochote.

Kwa hiyo iache tochi darini na uiandike namba kwa vipindi. Tochi ikianza na luksi 40, dakika ya 3 ikawa 18, kisha ikatulia hapo saa nzima, hiyo ni tochi ya 18 yenye mbwembwe ya mwanzo. Si mbaya. Ila inunue kwa bei ya 18. Ikishuka kila mara hadi kufifia kabisa, betri yake ni dhaifu au haina usawazishaji. Ninayoitafuta mimi ni ile inayoanza kwa kiasi na kubaki palepale. Mara nyingi boksi lake halina namba za kutisha.

Hatua ya 9: Yaandae macho

Sasa jicho lenyewe. Ndani yake kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga: za mchana, zinazoona rangi na vitu vidogo, na za usiku, zinazoona mwanga hafifu bila rangi. Ukitoka kwenye mwanga kuingia gizani, za mchana hufikia uwezo wao ndani ya dakika 10 hivi. Za usiku huendelea kujiandaa hadi nusu saa, kwa sababu kemikali yao, rodopsini, ikishavunjwa na mwanga hujijenga upya polepole. Mmuliko mmoja wa lumeni 1,000 kwenye ukuta mweupe ulio karibu unaweza kukurudisha nyuma sana.

Ndiyo maana mtu aliyekaa nje gizani kwa nusu saa anatembea vizuri kwa lumeni 10, na aliyetoka sebuleni kwenye televisheni anaona lumeni 100 hazitoshi. Tochi haijabadilika. Ukipimisha macho yako kwa tochi mpya, kaa kwanza gizani dakika 10.

Rangi nayo inacheza na hukumu yako. Mwaka 1819 Jan Purkyně, mtaalamu wa Kicheki, aliona kwamba jioni maua mekundu hufifia mapema huku ya buluu na kijani yakibaki na mng'ao. Seli za mchana huona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555, kijani cha kuelekea njano. Za usiku hupenda nanomita 507, kijani cha kuelekea buluu. Na lumeni yenyewe imepimwa kwa jicho la mchana, kwa mkunjo uliokubaliwa kimataifa mwaka 1924. Kwa hiyo tochi mbili za lumeni sawa, moja nyeupe ya kibuluu na nyingine ya kinjano, ile ya kibuluu huonekana kali zaidi gizani. Watengenezaji wa bei rahisi wanalijua hili vizuri. Lakini nyeupe ya kibuluu mara nyingi huficha rangi za kweli: udongo, majani na ngozi vyote vinakuwa kijivu. Kwa kutafuta nyoka kwenye majani makavu, kukagua kidonda au kufuata waya wenye rangi, mimi ningechagua tochi ya mwanga wa kati, kelvini 4,000 hadi 5,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni kinjano, kubwa ni kibuluu), hata kama ina lumeni pungufu.

Umri usisahaulike. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 au 8; ya mzee haifiki huko, na lenzi ya jicho lake imekuwa ya manjano. Mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi ya mwanga anaoupata wa miaka 20. Ukimnunulia bibi tochi, usiipime kwa macho yako. Mwanga unaokutosha wewe kwake ni mdogo, na wakati huohuo mwale mkali unaomrudia usoni unamsumbua zaidi kuliko wewe. Kinachomfaa ni mwanga mpana, wa wastani, usio na doa kali katikati.

Hatua ya 10: Chagua kwa kazi, kisha tumia ngazi ya chini

Ndani ya nyumba umeme ukikatika, lumeni 20 hadi 50 zikielekezwa darini zinatosha kutembea na kupakua chakula. Kwa njia ya kijijini au uchochoro, 50 hadi 100. Ishike tochi usawa wa kiuno badala ya usawa wa macho: mwanga ukija kwa chini, mawe na mashimo yanatupa kivuli na jicho linayatambua haraka, na vumbi au ukungu haukurudishii mwanga usoni. Mlinzi wa eneo kubwa au anayefuata ng'ombe usiku atazame kandela. 10,000 na kuendelea, hata kama lumeni ni 400 tu. Mvuvi anayetaka kuona fundo la nyavu ndani ya mtumbwi anahitaji kinyume chake: mwanga mpana, wa chini, usiomharibia macho anapogeuka kutazama maji.

Tochi nyingi za sasa zina ngazi mbili au tatu. Kushuka kutoka lumeni 1,000 hadi 100 unapoteza, kwa jicho, nusu hadi theluthi mbili ya ung'avu, na betri inadumu mara kumi. Hakuna biashara nyingine kwenye tochi yenye faida kama hiyo. Ngazi ya juu ibaki ya dharura, kwa dakika chache, ukiwa umesikia kishindo kwenye uzio.

Ukishapima, andika kwenye karatasi ndogo tarehe na luksi za dari, uigundishe ndani ya mfuniko wa betri. Kila baada ya miezi mitatu rudia kipimo, betri ikiwa imejaa. Ikishuka kwa theluthi, macho yako hayatakuwa yamekwambia lolote. Safisha kwanza springi na sehemu za chuma zinazogusana na betri kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, maana kutu nyembamba tu huzuia umeme. Futa kioo cha mbele. Kama namba haijapanda, jaribu betri nyingine kabla hujaitupa tochi.